Watoto wanachoka kabla ya adhuhuri: wiki ya masomo ya nyumbani ipangweje?

*Swali:* "Ninaishi Pittsburgh, Pennsylvania, na ni mwenyeji wa Tanga. Huu ni mwaka wa kwanza ninawasomesha watoto wangu nyumbani. Wa kwanza ana miaka 10 na yuko darasa la tano, wa pili ana miaka 7 na yuko darasa la pili, wa mwisho ana miaka 4. Nimepanga ratiba kama ya shule, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, masomo saba kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa sababu nilisoma kwamba sheria inadai saa 900 kwa mwaka. Ikifika saa tano, wa pili anaanza kulia, mkubwa anaandika ilimradi, na mimi ninachoka hata kupika kunanishinda. Baba yao anafanya kazi ghalani usiku, mchana analala. Jumamosi na Jumapili watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Mama mkwe wangu huko Tanga anasema nimewanyima wajukuu wake shule na wenzao. Rafiki yangu wa hapa ananishauri niache kuwafundisha kwa Kiswahili, kwamba kitawachanganya na mtathmini hatakubali. Je, wiki yetu niipangeje, na nitajuaje kama wanajifunza kweli?"

*Jibu:*

Dada yangu, nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na kabla ya yote ninapenda ujue kwamba unayoyaeleza hayaonyeshi kuwa watoto wako ni wavivu wala kuwa wewe huna uwezo wa kufundisha. Yanaonyesha ratiba iliyochukuliwa mahali ambapo kazi ya kufundisha ni ya namna nyingine kabisa, ikaletwa nyumbani bila kupunguzwa. Mimi ni mwalimu mwenye leseni ya jimbo la Pennsylvania, na kati ya Aprili na Juni huyapitia majalada ya watoto wanaosomeshwa nyumbani, yaani mikusanyo ya kazi zao za mwaka, na kuzungumza na watoto wenyewe, kama sheria inavyotaka; ndiyo kazi ya huyo mtathmini uliyemtaja. Hofu uliyonayo wewe ninakutana nayo kwa wazazi wengi, na karibu kila mara huanzia kwenye hesabu ileile ya saa 900.

Basi tuanze na hesabu hiyo. Sheria ya elimu ya nyumbani ya Pennsylvania, iliyopitishwa mwaka 1988, inampa mzazi nafasi ya kuchagua: ama atimize siku 180 za mafundisho kwa mwaka, ama atimize saa 900 kwa mtoto wa ngazi ya msingi, au saa 990 kwa mtoto wa sekondari. Ni moja kati ya hayo, si yote kwa pamoja. Wazazi huyasoma kama sharti moja, hugawanya 900 kwa 180, hupata saa tano, huongeza mapumziko na chakula, na mwisho wamejipangia siku ya saa saba ambayo hakuna aliyewadai. Ukichagua kuhesabu siku, kama ninavyowashauri wazazi wenye watoto wadogo, sheria haikupangii idadi ya saa za kila siku. Inataka siku unayoihesabu iwe na mafundisho ya kweli na iwe imeandikwa. Mwaka wenyewe huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo siku 180 zikitandazwa katika wiki 52 hazifiki hata siku nne kwa wiki. Ndani ya nafasi hiyo mna Ramadhani ya kwenda polepole, mna Idi mbili, mna wiki za mafua, na mna safari ya Tanga Mungu akijalia.

Orodha ya masomo nayo huwatisha watu bila sababu. Kwa ngazi ya msingi sheria inataja Kiingereza pamoja na tahajia, kusoma na kuandika, hesabu, sayansi, jiografia, historia ya Marekani na ya Pennsylvania, uraia, usalama, hasa mafundisho ya mara kwa mara kuhusu hatari za moto na namna ya kuuzuia, afya na mwili wa binadamu, elimu ya viungo, muziki, na sanaa. Hakuna mahali panaposema kwamba kila somo liwe na kipindi chake kila siku, au hata kila wiki. Tunachotakiwa sisi watathmini kukithibitisha ni kwamba mtoto amefundishwa masomo hayo katika mwaka na kwamba ameonyesha maendeleo endelevu katika mpango mzima. Somo la moto ndilo linalosahauliwa kuliko yote, ilhali hapa kwenye baridi kali, vipasha joto vikiwa karibu na mapazia, lina uzito wake: keti na watoto wote watatu, waonyeshe njia mbili za kutoka ndani ya nyumba, kubalianeni mtakutana wapi nje, liandike daftarini, kisha lirudie kila baada ya miezi michache.

Kwa nini basi shule ikae na watoto muda mrefu hivyo? Kwa sababu saa za shule si saa za kujifunza peke yake. Mwalimu mwenye wanafunzi 25 huita majina, hupanga mistari, hugawa na kukusanya madaftari, huwarudia waliobaki nyuma, na humsubiri wa mwisho amalize ndipo wote wasonge mbele. Mtoto mmoja mbele ya mama yake hamsubiri mtu. Akikosea hesabu husahihishwa palepale, kabla kosa halijamzoea, akielewa, mnaendelea. Kazi inayochukua asubuhi nzima darasani humalizika nyumbani kwa sehemu ndogo ya muda huo. Lakini faida hii ina gharama ambayo wazazi wachache huiona: mtoto anayefundishwa peke yake hana pa kujipumzisha. Darasani, mwalimu anaposhughulika na wengine, akili yake hutulia kwa dakika chache ambazo hakuna anayezihesabu. Nyumbani macho yako yako kwake muda wote. Saa saba za namna hiyo hata mtu mzima hazimudu, na machozi ya saa tano ni jibu la kawaida la mtoto aliyefikishwa mwisho wa uwezo wake.

Napenda uelewe kinachotokea kichwani mwake, kwa sababu ukikielewa utaweza kupanga wiki yako mwenyewe bila kuhitaji ratiba ya mtu mwingine. Tunapofikiri jambo jipya tunatumia kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo nafasi yake ni finyu. Ya mtu mzima hushika takriban mambo manne kwa wakati mmoja, na ya mtoto wa miaka 7 hushika pungufu ya hayo. Mtoto ambaye bado anaitambua kila herufi ya neno la Kiingereza kwa jitihada, nafasi yake yote imeshajaa herufi, na maana ya sentensi haina pa kukaa. Dawa yake ni kuyafanya mambo ya msingi yawe mazoea yanayotoka bila kufikiriwa, na mazoea hujengwa kwa vipindi vifupi vinavyorudiwa siku nyingi, wala hayajengwi kwa kipindi kirefu cha siku moja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliyaandika hayo mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe, na tafiti nyingi zilizofuata zimeyathibitisha. Nawe umekwisha kuyaona chuoni: ustadhi humtaka mtoto adurusu aya za jana ndipo ampe mpya, na sura ya wiki iliyopita huirejea kabla haijapotea. Utaratibu huohuo uutumie kwa jedwali la kuzidisha na kwa tahajia.

Jambo jingine ni kwamba mtu huhifadhi zaidi anapojilazimisha kukumbuka kuliko anapotazama tena. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha kusoma. Baadhi wakakisoma mara ya pili, wengine wakaandika walichokikumbuka bila kukitazama. Dakika chache baadaye waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja walioandika kutoka kichwani ndio waliowashinda wenzao. Kwa hiyo zile karatasi za kujaza nafasi, ambazo mkubwa wako anazijaza ilimradi, zina thamani ndogo kuliko zinavyoonekana, kwa sababu jibu liko juu ya ukurasa uleule na analinakili tu. Funga kitabu, umwambie, "Haya, nisimulie." Dakika tano za kusimulia zitakuonyesha alichokishika na kilichompita, na wakati huohuo zitakuwa zinamjengea kumbukumbu.

Sasa wiki yenyewe. Gawa kazi yote katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mambo yanayokua kwa kurudiwa kila siku: kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani zile KKK tunazozifahamu. Fungu la pili ni mambo yanayohitaji mtoto azame ndani yake: historia, jiografia, sayansi, uraia. La kwanza lije kila siku ya masomo, kwa ufupi, kila mtoto kwa kiwango chake. La pili lije siku chache, kwa muda mrefu zaidi, watoto wote wakiwa pamoja, kila mmoja akichukua kwa kadiri ya umri wake.

Kwa mtoto wako wa pili, asubuhi zitoshe dakika 20 za kusoma kwa sauti akiwa ubavuni mwako na dakika 20 za hesabu. Kisha atoke nje au ale kitu. Halafu dakika 10 hadi 15 za kuandika, na mchana dakika 15 nyingine za kusoma kitabu chepesi anachokipenda. Jumla yake ni saa moja na kidogo, na kwa umri wake inatosha. Mkubwa anaweza kufika saa mbili: dakika 40 za hesabu, dakika 40 za kusoma na kusimulia, dakika 30 za kuandika, na sehemu ya kazi hiyo aifanye peke yake. Mweleze hesabu mpya wakati mdogo wake yuko nje, kisha muache na mazoezi wakati wewe unamsomesha mdogo. Yule wa miaka 4 mpe wewe dakika kumi za kwanza kabisa za asubuhi, hadithi moja akiwa mapajani, kwa sababu mtoto mdogo aliyepata haki yake mapema hatawakatiza wenzake sana baadaye. Hahitaji masomo, sheria ya jimbo humhusu mtoto anapofika miaka 6, na kabla ya hapo kuimba, kupanga vijiko na kuhesabu ngazi kunamfaa zaidi kuliko penseli.

Hayo yafanyike Jumatatu hadi Alhamisi. Jumanne na Alhamisi baada ya chakula iwe historia na jiografia, Jumatano sayansi, na Jumatatu iachwe nyepesi, kwa kuwa watoto wako wametoka kusoma chuoni siku mbili mfululizo. Ijumaa iwe ya kutoka: maktaba asubuhi, kisha maandalizi ya sala, na siku iishie hapo. Baba yao akiamka alasiri naye ana sehemu yake ambayo haitamchosha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mkilikosa, makasha ya mayai na maharage yanafaa. Mtoto wa miaka 7 anayekokotoa kete zitamfikisha shimo gani anajumlisha na kutoa kwa hiari yake, na safu nne za mashimo manane zinamwekea 4 mara 8 mbele ya macho. Elimu ya viungo, muziki na sanaa sitazichambua: kuruka kamba, kuogelea, kaswida na kuchora vinatosha, mradi viandikwe.

Katika historia na sayansi wasiwasi wa wazazi ni mkubwa, na mimi naona hapo ndipo familia kama yako ina utajiri ambao darasa la kawaida halina. Chukua mfano wa historia ya Pennsylvania. Mwaka 1780 baraza la kutunga sheria la jimbo hili lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua. Haikumwachia huru mtu siku ileile, bali mtoto aliyezaliwa na mama mtumwa baada ya sheria hiyo aliendelea kutumika mpaka afike miaka 28. Weka pembeni yake mwaka 1873, Sultani Barghash alipolifunga soko la watumwa la Zanzibar na biashara ya watumwa ya baharini ikapigwa marufuku, ilhali utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Chora mstari mmoja wa miaka ukutani, matukio hayo yote yakae juu yake, kisha muulize mkubwa wako kwa nini kote kuwili uhuru ulikuja vipande vipande, nani alinufaika na kucheleweshwa kwake, na mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja kabla ya sheria alijisikiaje. Hilo ni somo la historia, la uraia na la kuandika kwa pamoja, na linaweza kuwabeba wiki tatu bila kuwachosha.

Kwa sayansi mnayo Carnegie Museum of Natural History hapohapo Pittsburgh, ambako kuna mifupa ya Diplodocus carnegii, dinosauri aliyefukuliwa Wyoming mwaka 1899. Watoto wakimwona, waambie kwamba kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua dinosauri wakubwa huko Tendaguru, mkoani Lindi, kwamba mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini, ikafika Berlin kwa uzito wa zaidi ya tani 200, na kwamba mmoja wa dinosauri hao anasimama leo katika jumba la makumbusho la huko akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Wanyama wa sehemu zote mbili waliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Wapime mita 13 kwa kamba uwanjani. Watafute Lindi, Wyoming na Berlin kwenye ramani. Mkubwa aandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza, wa pili achore na aandike sentensi mbili, na Ijumaa mwende maktaba mkatafute vitabu vya jambo hilohilo. Maktaba kuu ya Carnegie iko katika jengo lililoungana na jumba hilo, kwa hiyo safari ni moja.

Kuhusu Kiswahili, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Katika tamko uliloliwasilisha wilayani ulithibitisha kwamba masomo ya lazima yanatolewa kwa Kiingereza, na jambo hilo ulitimize: vitabu vikuu vya masomo, kazi za kuandika na jalada viwe na Kiingereza cha kutosha. Lakini hakuna kinachokuzuia kufundisha Kiswahili juu ya hayo, wala kulieleza jambo gumu kwa lugha ambayo mtoto analielewa haraka. Hofu kwamba lugha mbili humchanganya mtoto haina msingi. Mtoto kuingiza neno la lugha moja katika sentensi ya nyingine ni hatua ya kawaida, na Jim Cummins, mtaalamu wa uwililugha wa Kanada, alieleza tangu mwaka 1979 kwamba ujuzi wa kusoma na kufikiri unaojengwa katika lugha moja huitegemeza ya pili. Kwa kusoma hasa, Kiswahili kina faida kubwa: irabu zake tano hazibadiliki, na aliyezijua silabi za ma, me, mi, mo, mu anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza kina tahajia ngumu. Utafiti uliolinganisha lugha za Ulaya mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi kuliko wenzao wa lugha nyingine nyingi kuufikia usahihi uleule. Mtoto aliyekwisha kuelewa kupitia Kiswahili kwamba herufi hubeba sauti haanzi upya anapofika kwenye Kiingereza. Dakika kumi za kusoma Kiswahili kila siku kwa huyo wa pili si anasa. Ila nikwambie pia upande wa pili: msamiati wa Kiingereza hauji wenyewe, mtihani wa lazima wa mkubwa, nitakaoueleza mwishoni, utakuwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kusoma kwake kwa mwaka huu iwe kwa lugha hiyo.

Nimefikiri sana kuhusu mama mkwe wako. Naona analosema linatoka kwenye mapenzi, na kuhusu wenzao ana hoja ambayo usiipuuze: watoto watatu wanaoonana wao kwa wao Jumatatu hadi Ijumaa wanahitaji kukutana na wengine kwa utaratibu, si kwa bahati. Chuo kinawapa wenzao mwishoni mwa wiki. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2005 sheria ya jimbo inawapa watoto wanaosomeshwa nyumbani haki ya kujiunga na michezo na shughuli za ziada za shule za wilaya yao, na marekebisho ya mwaka 2022 yameongeza kwamba wanaweza kuhudhuria baadhi ya masomo shuleni, mpaka robo ya siku ya shule. Timu moja ya mpira kwa mkubwa, au kwaya, au kikundi cha familia zinazofundisha pamoja mara moja kwa wiki, vingebadilisha mengi. Chagua kimoja tu kwa kuanzia, kwa maana shughuli nyingi zitawarudisha kwenye uchovu uleule.

Na bibi mwenyewe mpe kazi. Saa tatu asubuhi ya Ijumaa hapo Pittsburgh, Tanga ni saa kumi au saa kumi na moja jioni kulingana na majira. Wampigie, kila mmoja amsimulie kwa Kiswahili jambo moja alilojifunza wiki hiyo, naye awategee vitendawili na kuwapa hadithi. Mkubwa akimweleza bibi yake dinosauri wa Lindi bila kutazama daftari, anafanya lile zoezi la kukumbuka nililolieleza juu, anakuza Kiswahili cha kueleza mambo ya elimu, ambacho hakipatikani katika mazungumzo ya chakula na mavazi peke yake, na bibi anasikia kwa masikio yake kwamba wajukuu wanasoma.

Umeuliza utajuaje kama wanajifunza. Usitazame wingi wa kurasa zilizojazwa. Kila mwisho wa mwezi mrekodi kila mtoto kwa simu akisoma ukurasa mmoja, umwekee hesabu kumi za mwezi uliopita bila kumtayarisha, na uhifadhi kazi moja ya kuandika yenye tarehe. Ukilinganisha Septemba, Desemba na Machi utaona mwenyewe kama kuna kusonga mbele, na mtathmini naye ataona. Sheria inataka pia daftari linaloandikwa kadiri masomo yanavyoendelea, likitaja vitabu vilivyotumika kwa majina. Mistari mitatu kila jioni inatosha, na ni vigumu mno kuikumbuka mwezi wa Mei. Jalada hilo utamwonyesha mtathmini, ambaye atazungumza na mtoto. Tangu mabadiliko ya mwaka 2014, kinachopelekwa kwa msimamizi wa wilaya ni cheti cha mtathmini, kabla ya tarehe 30 Juni, si jalada lenyewe.

Ipe ratiba hii nyepesi wiki sita hivi. Katika muda huo mtazame kwa makini mtoto wako wa pili anaposoma. Akisoma silabi za Kiswahili bila taabu lakini akakwama kwenye Kiingereza, shida ni tahajia na mazoea, na muda utaitatua. Akikwama katika lugha zote mbili, au akasoma Kiswahili kwa usahihi lakini polepole kupita kiasi huku akichoka baada ya mistari michache, usiendelee kuongeza mazoezi. Mpeleke apimwe macho na masikio kwanza. Kisha andika barua kwa wilaya ya shule ukiomba afanyiwe tathmini ya matatizo ya kujifunza. Wajibu wao wa kuwatambua watoto wenye mahitaji hayo unawafikia hata wasiosoma katika shule zao, na uombe mkalimani ukimhitaji. Disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu, ikigunduliwa mtoto akiwa na miaka 7 hushughulikiwa kwa urahisi kuliko akiwa na miaka 12, na si jambo la kufichwa. Katika hali hiyo mpango wake wa nyumbani utahitaji kuidhinishwa na mtaalamu wa elimu maalumu, na mimi ningeliona hilo kuwa msaada kwako.

Hata wewe usijisahau. Ikiwa wiki hizo zitapita, kazi imepungua, na bado hupati usingizi, hamu ya chakula haipo na kila asubuhi inakuwia nzito, zungumza na daktari wako bila kungoja zaidi. Tena kuna njia nyingine ambazo hazina aibu. Shule za umma za mtandaoni za Pennsylvania hazitozi ada na huleta walimu, lakini mtoto huwa mwanafunzi wa shule hiyo, mwenye mahudhurio na mitihani yake, na kwa mtoto wa miaka 7 saa za kukaa mbele ya kompyuta zinaweza kuwa nyingi kuliko ungependa. Kumrudisha mmoja shuleni na kumbakiza mwingine nyumbani pia kunaruhusiwa, na nimeona familia zikifanya hivyo kwa amani. Ningekushauri usiamue lolote kati ya hayo ukiwa katika uchovu ulio nao sasa. Punguza kwanza, pumzika, kisha mzungumze wewe na baba yao.

Jambo moja haliwezi kungoja. Mkubwa wako yuko darasa la tano, na watoto wa darasa la tatu, la tano na la nane wanaosomeshwa nyumbani hutakiwa kufanya mtihani sanifu wa lugha na hesabu, ambao mzazi haruhusiwi kuusimamia mwenyewe. Matokeo yake hukaa ndani ya jalada, na hakuna alama maalumu iliyowekwa na sheria ili apite, kwa hiyo usimtie hofu. Tafuta msimamizi wa mtihani mapema, ikiwezekana kabla ya Januari, kwa sababu nafasi hujaa kadiri Aprili inavyokaribia, na muulize pia kama anapokea watoto kwa makundi, maana huko mkubwa wako anaweza kukutana na wengine wanaosoma kama yeye.